Nani Atahesabu Kazi ya Daftari? Sayansi ya Data na Ngazi ya Uprofesa Bukavu

Mazungumzo juu ya sayansi ya data yakianza katika vyuo vya Bukavu, kwa kawaida huanzia kwenye mashine: kompyuta zitoke wapi, umeme utoke wapi, intaneti ilipwe na nani. Ni maswali ya haki. Hata hivyo yamelifunika swali lililo zito zaidi: data zenyewe atakusanya nani, na mtu huyo atapanda cheo kwa kazi ipi?

Tuchukue mfano wa Lwiro, kilomita 40 hivi kaskazini mwa mji. Hapo ndipo taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, iliweka makao yake, na katika miaka ya 1950 mitambo ya kurekodi matetemeko ikafanya kazi Lwiro na katika vituo vingine vya ukanda huu, kikiwemo cha Uvira. Anayesoma karatasi ya mtambo wa namna hiyo hufanya kazi ya subira. Wimbi la kwanza, lile la msukumo, hufika upesi. La pili, linalotikisa ardhi ubavu kwa ubavu, hufika limechelewa. Msomaji hupima kwa rula nafasi iliyo kati ya mianzo hiyo miwili, akaigeuza kuwa sekunde. Kwa tetemeko la karibu, kila sekunde ni takriban kilomita 8: sekunde 10 ni kama kilomita 80. Vituo vitatu vikisomwa pamoja, mahali tetemeko lilipoanzia panajulikana. Kisha anaandika mstari mmoja katika daftari, anachukua karatasi ya siku inayofuata.

Mstari huo mmoja ndio sayansi ya data. Yanayofuata, yaani programu, modeli na ramani za rangi, yanauegemea. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, likaua watu pande zote mbili. Mwezi Mei 2023 mvua na maporomoko yalifagia Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na waliokufa walipita 400. Mhandisi anayetaka kujua nyumba ya mtaa wa Kadutu, Bukavu, ijengwe vipi mlimani, au daraja la Kalehe lipitishe maji kiasi gani, anahitaji miaka mingi ya vipimo vya mahali hapohapo. Vipimo vya miaka mitatu ya mradi wa wafadhili havimtoshi.

Sasa tutazame ngazi yetu ya kitaaluma. Mtu huanza asistenti, akawa CT (chef de travaux), akapata udaktari, akaitwa profesa mshiriki, kisha profesa, na mwisho profesa ordineri. Katika kila hatua huhesabiwa miaka na machapisho. Asistenti aliyetumia miaka miwili kunakili rekodi za mvua kutoka madaftari yaliyoliwa na unyevu, akasahihisha tarehe, akaeleza kipimo kilihamishwa lini na kwa nini, hana cha kuonyesha mbele ya baraza la fakulte. Mwenzake aliyepakua data za satelaiti kutoka ng'ambo na kuandika makala mawili juu yake amekwisha kupanda. Simlaumu huyo wa pili. Anafuata kanuni alizozikuta. Ninazilaumu kanuni, kwa sababu zinamfundisha kijana mwenye akili aikimbie kazi ambayo mkoa unaihitaji kuliko zote.

Kwamba njia nyingine inawezekana, tunayo mifano jirani. Ciira wa Maina alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata udaktari Drexel, Marekani, mwaka 2011, akafanya utafiti Sheffield, kisha akarudi Kenya kufundisha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Kilichonivutia katika kazi yake ni pale alipoanzia. Kwa kompyuta ndogo za bei nafuu yeye na wanafunzi wake walirekodi sauti za ndege ili kufuatilia hali ya mazingira. Wakatengeneza vifaa vya kupima kina cha mito. Mwaka 2015 Nyeri ikawa mwenyeji wa warsha ya Data Science Africa, mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kampala, kisha Arusha. Kifaa kilitangulia, data zikafuata, na uprofesa ukajengwa juu ya vyote viwili.

Nitaambiwa kwamba Nyeri si Bukavu, kwamba kule umeme haukatiki kama huku. Kweli. Lakini jedwali la mvua ya kila siku kwa miaka 50 lina mistari isiyofika 20,000, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi hulichambua kwa sekunde chache, betri ikiwa bado imejaa. Kinachokosekana ni jedwali. Na karatasi, katika mji uliopitiwa na vita mwaka 1996, 2004 na tena Februari 2025, haina dhamana. Nakala moja ni sawa na hakuna. Vyuo vya mji, yaani UOB, UCB, UEA na ISP, vingeweza kuyapiga picha madaftari na karatasi za Lwiro na kugawana nakala, hata kabla havijakubaliana juu ya programu ya masomo.

Mabaraza ya fakulte yana uwezo wa kufanya mawili bila kusubiri Kinshasa iwape fedha. La kwanza ni kuipokea seti ya data iliyosafishwa, ikaelezwa na kukaguliwa na wenzi wa fani, kama chapisho kamili katika faili la kupandishwa cheo, jina la aliyeiandaa likitajwa kila inapotumiwa. La pili linahusu memwari, yaani tasnifu, za uhandisi. Mwanafunzi apewe kipimo kimoja, cha mvua au cha kina cha mto, akitunze mwaka mzima, aandike kila hitilafu na siku iliyotokea, na atakayemfuata akabidhiwe kipimo pamoja na daftari. Profesa anayesimamia mlolongo huo kwa miaka 10 atakuwa na rekodi ambayo chuo chochote duniani kitamwomba waitumie pamoja.