Mgawanyo wa Matini za Kidini za Kilatini: Kutoka Mistari ya Maana hadi Sura na Aya

1.0 Utangulizi

Msomaji wa leo anapotajiwa sura na aya ya Biblia, huelekea kudhani kwamba mipaka hiyo ilizaliwa pamoja na matini yenyewe. Dhana hiyo si sahihi. Sura zinazotumika sasa zilienea katika karne ya 13, na namba za aya zikafuata katika karne ya 16. Makala haya yanajadili namna wanakili na wahariri wa Ulaya, hususani katika Zama za Kati, walivyozigawa matini za kidini za Kilatini. Hoja kuu ni kwamba kila mgawanyo ulitokana na aina fulani ya usomaji. Kwa hiyo, mpaka wa sura ni ushahidi wa matumizi ya matini, si ushahidi wa nia ya mwandishi wake.

2.0 Mgawanyo kwa Ajili ya Sauti na Ulinganishaji

Hati nyingi za kale za Kilatini ziliandikwa bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Katika dibaji ya tafsiri yake ya kitabu cha Isaya, Jerome anaeleza kwamba ameiga utaratibu wa hati za Demosthenes na Cicero: kila kipashio cha maana kiandikwe katika mstari wake ili kumwongoza msomaji. Anatahadharisha pia kwamba mtu asidhani, kwa kuiona mistari hiyo, kuwa manabii walitunga kwa mizani. Mgawanyo wa ukurasa, kwa maneno mengine, usichukuliwe kuwa utanzu. Utaratibu huo unaonekana katika Codex Amiatinus, hati iliyonakiliwa katika monasteri ya Wearmouth-Jarrow huko Uingereza, ambayo Abati Ceolfrith aliondoka nayo mwaka 716 kuipeleka Roma.

Kwa upande wa Injili, Jerome aliingiza katika Kilatini mfumo wa Eusebius wa Kaisaria. Eusebius aliigawa Injili ya Mathayo katika sehemu 355, akazigawa Injili nyingine kwa namna hiyohiyo, kisha akapanga majedwali 10 yanayoonesha sehemu zinazolandana. Namba ya sehemu iliandikwa pambizoni kwa wino mweusi, na ya jedwali kwa wino mwekundu. Baadhi ya sehemu hizo ni sentensi moja tu, kwani lengo halikuwa kutenga masimulizi, bali kulinganisha Injili nne.

Sambamba na mfumo huo, vitabu vya Biblia vilitanguliwa na orodha za vichwa vya sehemu. Orodha hizo zilitofautiana kutoka hati moja hadi nyingine.

3.0 Mgawanyo kwa Ajili ya Darasa

Tofauti hizo hazikuwa tatizo kubwa pale ambapo jumuiya ya watawa ilisoma hati yake. Zilikuwa tatizo katika madarasa ya Paris, ambako mwalimu na wanafunzi walihitaji kurejelea mahali pamoja kwa namba moja. Mgawanyo ulioshinda kwa kawaida huhusishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1207, ingawa wapo wataalamu wanaoona kwamba asili yake ni Uingereza, kabla ya Langton.

Wadominiko wa Saint-Jacques, chini ya Hugh wa Saint-Cher, waliujengea mgawanyo huo faharasa ya maneno ya Biblia. Kila sura ndefu iligawanywa kimawazo katika sehemu saba, kuanzia A hadi G, pasipo kuandika chochote ndani ya matini. Alexander wa Hales naye alizigawa *Sententiae* za Peter Lombard, zilizokuwa na vitabu vinne, katika sehemu kubwa zilizofaa kufundishiwa. Namba za aya zilikuja baadaye: Robert Estienne alizichapa katika Agano Jipya mwaka 1551 na katika Biblia nzima ya Kilatini mwaka 1555.

4.0 Athari kwa Ufasiri

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Masimulizi ya siku saba za uumbaji hayaishii mwishoni mwa Mwanzo 1. Siku ya saba imeangukia sura ya 2. Wimbo wa Mtumishi unaanza katika Isaya 52:13, lakini msomaji anayeanzia sura ya 53 huukuta umekwisha kuanza.

Istilahi za Kiswahili zinaongeza utata. Maneno *sura* na *aya* hutumika kwa Kurani na kwa Biblia pia. Hata hivyo, katika mapokeo ya Kiislamu sura ni sehemu ya Kurani yenyewe, ilhali sura ya Biblia ni kazi ya mhariri. Jina moja linaficha historia mbili.

5.0 Hitimisho

Mistari ya Jerome ilimhudumia msomaji wa sauti, namba za Eusebius mlinganishaji, na sura za Paris mwalimu na mtafutaji. Mchambuzi anayechukua sura kuwa kipashio cha usemi anachambua, pasipo kujua, uamuzi wa darasa la karne ya 13. Kabla ya kuuliza sehemu fulani ina maana gani, inafaa kuuliza kwanza ni nani aliyeikata na kwa ajili ya nani.