Bwawa la Turkwel

Bwawa la Turkwel liko Pokot Magharibi, karibu na mpaka wa Turkana, lakini mradi wake ulisimamiwa kutoka Eldoret. Mjini humo ndiko yaliko makao makuu ya Kerio Valley Development Authority, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Umeme wa maji haukuwa mgeni katika eneo la Eldoret: Mto Sosiani ulikuwa na kituo tangu miaka ya 1950, ila cha kilowati 400 tu. Turkwel ulipangwa uzalishe megawati 106.

Mto Turkwel wenyewe huanzia Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, na humwaga maji yake Ziwa Turkana. Mahali palipochaguliwa ni korongo jembamba mno, kiasi kwamba ukuta una kimo cha mita 153 na urefu wake kutoka ukingo hadi ukingo unakaribia hapo hapo. Ni tao la zege lililobinukia upande wa maji. Kadiri maji yanavyousukuma, ndivyo unavyozidi kujibana kwenye miamba ya kando, na kwa hiyo si lazima uwe mnene kama kuta za udongo na mawe. Maji huteremshwa hadi mitambo miwili ya megawati 53 kila mmoja, na umeme husafirishwa kwa nyaya za kilovolti 220 hadi Lessos, si mbali na Eldoret.

Ujenzi wa mwaka 1986 hadi 1991 ulipewa kampuni ya Kifaransa, Spie Batignolles, bila zabuni ya kimataifa. Waraka wa ndani wa ujumbe wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi ulidai kwamba bei ilizidi maradufu ile ambayo ingepatikana kwa ushindani. Waraka ukavuja magazetini, lakini kazi ikaendelea.

Gharama nyingine ililipwa chini ya mto, na hiyo haikuandikwa katika mkataba wowote. Mafuriko ya msimu ndiyo yaliyonywesha misitu ya migunga kandokando ya mto, ambayo makokwa yake hulisha mbuzi wa Waturkana wakati wa kiangazi. Ukuta ulipoanza kuzuia maji, mafuriko hayo yalipungua. Ziwa la bwawa lenyewe halikujaa kwa karibu miaka 30. Mwaka 2020, baada ya mvua kubwa, maji yalikaribia kiwango cha juu cha mita 1,150 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wa chini ya mto wakatakiwa wahamie sehemu za juu.