Stanley, Mirambo na Ushuhuda wa Mwandishi wa Habari

Habari nyingi za Mtemi Mirambo wa Urambo zilizosomwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 zilitoka katika kalamu ya Henry Morton Stanley. Mtu huyu hakuwa mwanahistoria. Alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Livingstone na kurudi na habari itakayouza gazeti. Yatupasa basi tumpime kama shahidi yeyote: alisimama wapi, aliona nini, na alitaka nini.

Stanley alifika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Juni 1871. Njia ya misafara iendayo Ujiji ilikuwa imefungwa, kwa kuwa Mirambo alikuwa na ugomvi na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe juu ya biashara na hongo. Mwezi wa Agosti Stanley alikwenda vitani upande wa Waarabu, yeye na watu wake wenye bunduki. Waliiteka Zimbizo. Kisha kikosi kingine, kilipokuwa kikirudi na nyara kutoka Wilyankuru, kilishambuliwa njiani, na jeshi zima likakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake.

Kwa hiyo aliyemwita Mirambo mnyang'anyi alikuwa adui yake vitani, tena aliyeshindwa, na ambaye hakuwa amemwona kwa macho. Chanzo cha ugomvi alikisikia barazani kwa Waarabu. Hongo, ambayo wenye misafara waliiona kuwa uporaji, kwa watemi ilikuwa haki ya mwenye nchi.

Hata hivyo hatusemi kwamba maandishi yake yatupwe. Kukimbia kwa upande wake mwenyewe amekueleza waziwazi, na mtu hasingizii aibu yake. Hapo twamwamini. Pale sifa yake inapohusika twasita zaidi. Tarehe aliyoitoa ya kukutana na Livingstone huko Ujiji, 10 Novemba 1871, haipatani na shajara ya Livingstone, inayoelekea mwisho wa Oktoba. Labda ni homa tu iliyompotezea hesabu ya siku. Lakini kurasa za shajara yake zilizohusu mkutano huo zilichanwa, na maneno mashuhuri ya salamu aliyodai kuyatamka yamebaki bila ushahidi mwingine imara.

Mwaka 1876, mwezi wa Aprili, Stanley alikutana na Mirambo ana kwa ana, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 yule mnyang'anyi amekuwa mtu mpole, mwenye adabu na heshima. Wako wanaosema kwamba hapo ndipo alipoandika kweli. Sisi twakubali nusu. Safari hii alimwona mtu mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Lakini alikuwa tena njiani kwenda Ujiji, na amani na mwenye njia ilimfaa sana. Maslahi yake yaligeuka, na kalamu nayo ikageuka.

Mirambo alifariki mwezi wa Desemba 1884. Yeye pia aliwahi kupeleka barua Unguja, kwa balozi wa Kiingereza John Kirk, zilizoandikwa kwa niaba yake. Mwalimu anayefundisha vita vya 1871 kwa kitabu cha Stanley peke yake amemsikiliza mshitaki, na mshitakiwa bado hajaitwa.