Nani Aliulizwa? Eldoret kutoka Sitini na Nne hadi Yamumbi

Tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Shangwe zilisikika mjini, lakini uzito wa jiji jipya unaviangukia zaidi vitongoji vya pembeni, ambako mashamba ya mahindi yanakatwakatwa kuwa ploti. Yamumbi, katika eneo la Kapseret, ni kimojawapo. Wakazi wake wana swali lenye umri mkubwa kuliko jiji lenyewe: ramani inapochorwa, nani huulizwa?

Mara ya kwanza hakuulizwa mtu. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa umepewa jina na Wamaasai waliochunga hapo, na baada yao Wanandi wakalisha ng'ombe wao hapo. Kabla ya hao walikuwapo watu wanaokumbukwa kama Wasirikwa, ambao mashimo ya mazizi yao bado yanaonekana hapa na pale nyanda za juu. Hata hivyo, mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwagawia uwanda huo Wayahudi wa Ulaya waliokuwa wakitafuta makao. Ujumbe wao ulikuja kuukagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa zawadi hiyo. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) aliyeongoza upinzani wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika kikao kilichoitwa cha amani. Wanandi wakasukumwa hadi ndani ya mipaka waliyochorewa, na uwanda ukahesabiwa kuwa mtupu.

Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliwasili kutoka Afrika Kusini. Walishuka melini Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakayapandisha mabehewa yao ya maksai hadi juu kupitia matope na msitu. Wapimaji waliikata ardhi vipande vipande na kuvipa nambari. Shamba nambari 64 lilikuwa na udongo usiofaa sana kwa kilimo, kwa hiyo likaachwa liwe mahali pa mji. Posta ilifunguliwa 1910, jina Eldoret likatolewa 1912, na reli ikafika 1924. Wazee bado wanauita mji huo Sisibo, yaani Sitini na Nne. Kama miji mingine ya kikoloni, ulipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu na Mhindi walikuwa na mitaa yao, naye Mwafrika aliruhusiwa kuwapo maadamu alikuwa kibarua wa mtu.

Uhuru ulipokaribia, walowezi walianza kuuza. Watu wasio na fedha za kununua shamba zima walichanga. Waliunda vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakachukua mikopo, kisha wakagawana ekari kwa kadiri ya hisa za kila mwanachama. Hivyo ndivyo jamii nyingi za Wakikuyu zilivyopata makazi kuizunguka Eldoret, na Yamumbi ikawa mojawapo ya makazi hayo. Kwa mwanachama, hayo yalikuwa maamuzi ya wakazi wenyewe kwa mara ya kwanza: njia ipite wapi, shule ijengwe wapi, kanisa lipewe kipande gani. Lakini jirani Mkalenjin, ambaye babu yake alifukuzwa katika ardhi hiyohiyo, alitazama mauzo hayo akiwa nje ya ua. Serikali haikumuuliza babu ilipoitwaa ardhi, wala haikumuuliza mjukuu ardhi ilipouzwa. Wanasiasa walilijua dukuduku hilo, na kuanzia miaka ya 1990 walilichochea kila uchaguzi ulipokaribia.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto uliwaka. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Kiambaa, kitongoji kingine cha Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu ndani. Nyumba za Yamumbi nazo ziliteketezwa, na maelfu ya wakazi wa vitongoji hivyo wakalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Mwezi Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Malori yalikuja, watu wakapakiwa na kurudishwa walikotoka. Watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba haraka ilikuwa kubwa na mazungumzo yalikuwa machache: mtu alirudishwa kwenye ploti yake kabla ya kusemezana na aliyemfukuza.

Kulikuwa na njia nyingine, ya polepole. Cornelius Korir, aliyekuwa askofu wa Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990, alikuwa amewapokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa kanisa kuu lake. Mwaka 2009 jimbo lake lilichapisha kitabu Amani Mashinani, kinachoeleza jinsi walivyofanya kazi vijijini. Kwanza kila upande ulisikilizwa peke yake, umwage uchungu wake wote. Kisha wajumbe wachache wa pande mbili walikutana, baadaye mkutano ukapanuliwa, na masharti ya kuishi pamoja yakaandikwa. Mradi ulikuja mwishoni: barabara, josho, shule, kitu ambacho pande zote mbili zingekihitaji na kukilinda. Watu wa Yamumbi na majirani zao Wakalenjin wa Kapteldon walikuwa miongoni mwa waliopitia mazungumzo ya namna hiyo. Siri ilikuwa katika mpangilio huo. Barabara iliyotanguliwa na maneno ilikuwa mali ya waliozungumza.

Mwaka mmoja baadaye wazo hilo la kuwasikiliza watu kwanza likaanza kuwa sheria. Katiba ya 2010 iliufanya ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 iliwapa wakazi vikao vyao vya kujadili mambo ya mji, na ile ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 ikataka maoni yao yachukuliwe kabla ramani haijapitishwa. Kuhusu turathi, sheria ya 2006 ya makumbusho ya taifa inaruhusu jengo au eneo lenye thamani ya kihistoria litangazwe na kulindwa.

Uzito wa maneno hayo ulipimwa Lamu. Mji huo ulikuwa na mpango wa uhifadhi tangu 1986, uliotokana na upimaji wa nyumba za mawe na vichochoro vyake, na mwaka 2001 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, mwaka 2016 kampuni ya Amu Power ilipata leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, si mbali na mji mkongwe. Wakazi waliokusanyika chini ya Save Lamu walikata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla utafiti wa athari zake haujakamilika. Utafiti ulipokwisha, wananchi hawakurudiwa ipasavyo kuulizwa juu ya yaliyomo. Kuwaita watu, kuwagawia soda na kuwasainisha daftari la mahudhurio si kuwashirikisha.

Yamumbi haina kasri wala milango ya nakshi. Urithi wake ni ardhi iliyonunuliwa kwa michango, makaburi ya familia, njia zinazowaunganisha majirani waliowahi kufukuzana, na kumbukumbu za mazizi ya wale waliotangulia. Vitu hivyo havionekani kwenye picha ya setilaiti. Vinajulikana na wazee wa pande zote mbili, na mpango utakaochorwa bila wao utavipitishia barabara bila hata kujua.

Kwa hiyo mkazi wa Yamumbi asingoje baraza lililoitwa na chifu siku ramani imeshachapishwa. Akae na mwenzake wa Kapteldon sasa, waandike pamoja yasiyopaswa kuguswa, wayapeleke kwa wapangaji wa kaunti na kwenye vikao vya jiji, na wadai kupewa rasimu kabla ya kuombwa sahihi. Sheria iko upande wao, na Lamu imeshaonyesha kwamba mpango usiowauliza wenyewe mwishowe huulizwa mahakamani.