Kiangazi cha Muze na Mabepari wa Venisi

Katika makala haya nakusudia kutetea jambo moja tu: kwamba ishara ya kishairi haitafsiriki kwa kamusi peke yake, bali kwa historia ya wale wanaoipokea. Jambo hili nililijua kwa aibu. Tulipewa Soneti ya 18 ya Shakespeare, ile ambayo mshairi anamlinganisha mpenzi wake na siku ya majira ya joto, tuitie katika Kiswahili. Mimi nikaandika "siku ya kiangazi", nikatulia. Niliposoma tena nikacheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa Muze, kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa. Kwetu kiangazi ni vumbi, na ikifika Oktoba hata mbwa hatoki kivulini. Mwambie msichana anafanana na siku ya namna ile, uchumba umekwisha! Mwingereza hulililia jua. Sisi tunalilia wingu.

Wapo watakaosema: weka masika, basi. Labda. Ila hapo mfasiri ameacha kuwa tarishi, amekuwa mwamuzi. Na mwamuzi mkubwa tunaye. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, akaipitia upya na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, si Shylock kama wengi wetu tulivyodhani sekondari. Mwalimu akamgeuza mmoja kuwa wengi, na mfanyabiashara kuwa bepari. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Tumezoea kusema kwamba hapo siasa imeingia nyumba ya fasihi bila hodi. Nakubali nusu. Neno "bepari" limetoka Bara Hindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara tu. Kwa hiyo Mwalimu hakulisingizia neno. Alilikuta liko njiani, limeacha duka na kuelekea jukwaa la siasa, na msomaji wa 1969 akasikia maana zote mbili kwa pamoja. Itazame ile ratili ya nyama anayoidai Shylock. Kwa masikio yaliyokwisha kuzoea maneno kama unyonyaji na kupe, ratili ile haibaki kuwa sharti la mkataba. Inakuwa ishara ya mfumo mzima. Huo ni ushindi wa tafsiri. Hasara yake ni kwamba jina linatuvuta tutazame mali, na chuki ya Wakristo wa Venisi kwa Shylock kwa sababu ni Myahudi inarudi nyuma kidogo. Nasema kidogo, maana mazungumzo yenyewe bado yanaipiga kelele.

Kihispania ni habari nyingine. Wengi wetu hatukijui. Lorca tumempata kwa Kiingereza, chai iliyochujwa mara mbili. Katika tamthilia yake Bodas de sangre, ya 1933, Mwezi anaingia jukwaani kama mkata kuni kijana mwenye uso mweupe, anatafuta damu. Sisi mwezi ni sifa: mrembo ni mwezi wa kumi na nne. Niliona ugeni huu ajabu, kwa sababu Lorca, aliyeuawa 1936, ni mtu wa Granada, mji uliotawaliwa na Waislamu hadi 1492, na Kihispania kimekunywa kisima kimoja na Kiswahili. "Hata" yetu, ile ya "hata siku moja" kwenye ngano, ni ndugu wa "hasta" yao. Zote zimetoka katika Kiarabu. Maneno ni ndugu, mwezi wao unaua na wetu unasifu.

Lakini kilichonikosesha usingizi hakikutoka Uingereza wala Hispania. Mwaka 1978 Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha kwa Kiingereza kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Ndivyo ilivyokuwa: nilizisoma ngano za kwetu maktabani kwa lugha ya Shakespeare. Huyohuyo, katika makala ya 1967, aliichambua hadithi ya wanawake watatu wageni waliotwaa utawala wa Milansi wakati mfalme hayupo. Kwa maoni yake Milansi ni kichwa, na ukoo wa wale wageni ni kiuno. Kwa Kiingereza alitumia neno la kiuno lenye harufu ya Biblia. Sasa liweke kwa Kiswahili: ukisema kiuno, msikilizaji anawaza ngoma!

Likizo nikampelekea bibi yangu uchambuzi huo, kwa Kiswahili changu cha chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mzungu alikaa na nani?" Kisha akaanza kuisimulia mwenyewe kwa Kifipa, haraka, bila kunisubiri. Nilishika kalamu. Nilipata nusu ukurasa, na mistari minne kati yake mpaka leo sijui maana yake.