Taabu na Matengenezo ya Roho

Wazee husema ya kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Neno hili ni kweli, lakini yafaa tuulize: je, kila aliyepatwa na taabu hutoka akiwa mwema kuliko kwanza? Tulitazame jambo hili kwa habari mbili, moja ya mbali na moja ya Ngara.

Katika mwaka 1492 mfalme na malkia wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Walitawanyika katika nchi nyingi, na katika miaka iliyofuata wengine wakafika Safed, mji wa milimani katika Galilaya. Yapata mwaka 1570 akaja huko mwalimu Isaac Luria, aliyekufa mwaka 1572 angali na miaka 38. Elimu yake ya mambo ya siri ya Mungu huitwa Kabala. Alifundisha ya kuwa hapo mwanzo vyombo vilivyochukua nuru ya Mungu vilivunjika, na cheche zake zikatapakaa duniani. Kazi ya kila mtu ni kuzikusanya kwa sala na matendo mema, na kazi hiyo waliiita tikuni, maana yake matengenezo. Walisema pia ya kuwa roho isiyoimaliza hurudi kuzaliwa tena. Hilo sisi Wakristo hatulipokei. Lakini tuangalie: watoto wa waliofukuzwa hawakusema ya kuwa kufukuzwa kwatosha kumsafisha mtu. Walisema sharti atende.

Basi na tuje Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Mauaji ya halaiki yalianza Rwanda mwezi wa Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Vilima vya Benaco vikajaa maturubai, na miti ikakatwa kwa kuni. Ndani ya kambi ile walikuwamo watu wasio na hatia, na waliokimbia damu waliyoimwaga wenyewe. Wote walipita njia moja, wakangoja chakula kimoja.

Miongoni mwao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda. Taabu ya ukimbizi aliionja. Hata hivyo alipokamatwa Tanzania mwaka 2001, alikana mashtaka mbele ya mahakama ya Arusha. Mwaka 2004 alionekana na hatia kwa ajili ya mauaji ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wakimbizi wengi wa Ngara walirudishwa kwao Desemba 1996. Baadaye, katika mabaraza ya gacaca yaliyokwisha mwaka 2012, wengi waliungama mbele ya jirani zao, wakaonyesha mahali ilipotupwa miili ya marehemu. Si wote waliosema kweli. Lakini aliyesema kweli alimpa mjane nafasi ya kumzika mumewe.

Hapo twaona tofauti. Njaa na safari ziliwapata wote, lakini matengenezo yalianza kwa yule aliyefungua kinywa akarudisha alichoweza kurudisha. Basi, ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani asingoje ugonjwa au ukame umsafishe. Aurudishe mpaka mahali pake leo, naye amwambie jirani kwa nini.