Keikogi

Keikogi (kwa Kijapani: 稽古着) ni vazi linalovaliwa wakati wa mazoezi ya sanaa za mapigano za Kijapani kama vile judo, karate, aikido na kendo. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kijapani: "keiko", yaani mazoezi, na "gi", yaani vazi. Vazi hili huitwa pia dogi. Kila sanaa ina jina la vazi lake: la judo ni judogi na la karate ni karategi. Kwa kawaida ndicho kifaa cha kwanza ambacho mwanafunzi anatakiwa kununua.

Historia

Asili ya keikogi ya kisasa ni vazi la judo. Kano Jigoro (1860–1938) alianzisha judo mwaka 1882 alipofungua shule yake, Kodokan, mjini Tokyo. Mavazi ya kwanza yalikuwa na mikono mifupi na suruali fupi, hivyo wanafunzi walichubuka viwiko na magoti. Mwanzoni mwa karne ya 20 mikono na suruali vilirefushwa.

Mwaka 1922 Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, alifika Tokyo na kuonyesha sanaa yake, pamoja na pale Kodokan. Karate ilifuata mfano wa vazi la judo, lakini kwa kitambaa chepesi zaidi.

Kwa muda mrefu judogi ilikuwa nyeupe tu. Mholanzi Anton Geesink, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1964, alipendekeza mmoja wa washindani avae buluu ili waamuzi na watazamaji waweze kuwatofautisha. Shirikisho la Kimataifa la Judo lilikubali mwaka 1997, na rangi hiyo ilionekana katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Sydney mwaka 2000.

Sehemu na aina

Keikogi ina koti, suruali na mkanda (obi). Tofauti kubwa kati ya aina zake ni uzito wa kitambaa.

* Judogi ni nzito. Koti lake hufumwa kwa nyuzi nene za pamba na ukosi wake ni mgumu, kwa sababu mpinzani hulishika, hulivuta na kulitumia kumwangusha mwenzake. Magoti ya suruali huongezewa kitambaa.
* Karategi ni nyepesi, kwa kuwa mazoezi yake ni ya ngumi na mateke. Koti lina kamba za kufunga ubavuni. Halifai kwa judo, kwani likivutwa kwa nguvu huchanika.
* Katika aikido wengi huvaa koti la judo au linalofanana nalo. Wenye daraja la juu huongeza hakama, suruali pana yenye marinda. Kuna shule ambazo wanafunzi wote huivaa tangu mwanzo.
* Katika kendo huvaliwa koti la pamba, mara nyingi la rangi ya nili, pamoja na hakama yenye marinda 5 mbele.

Kuchagua ukubwa

Ukubwa hupangwa kwa kimo cha mvaaji. Judogi nyingi huandikwa kimo chenyewe kwa sentimita, kwa mfano 160 au 170. Karategi nyingi huandikwa namba: 3 ni ya mtu mwenye sentimita 160, 4 ni ya sentimita 170 na 5 ni ya sentimita 180. Hata hivyo vipimo hutofautiana kati ya watengenezaji.

Pamba hurudi inapofuliwa, hasa kwa maji ya moto. Kwa hiyo vazi jipya la pamba tupu ambalo halijafuliwa kiwandani hununuliwa likiwa kubwa kidogo. Lakini vazi kubwa mno ni hatari: suruali inayofunika nyayo humkwaza mvaaji, na mikono mirefu mno inaweza kunasa vidole vya mwenzake.

Namna ya kuvaa

Upande wa kushoto wa koti hulazwa juu ya upande wa kulia, kwa wanaume na wanawake sawa. Nchini Japani upande wa kulia hulazwa juu kwa maiti tu, ndiyo maana kosa hili husahihishwa mara moja. Wanawake huvaa fulana chini ya koti. Mkanda huzungushwa kiunoni mara mbili, kisha hufungwa mbele kwa fundo bapa.

Mwanafunzi mpya hufunga mkanda mweupe. Rangi nyingine huonyesha daraja, nazo hutofautiana kati ya shule. Kuna hadithi kwamba mkanda mweusi ni mkanda mweupe uliochafuka kwa miaka mingi ya mazoezi. Hadithi hiyo haina msingi wa kihistoria: mkanda mweusi ulianza kutumika Kodokan katika miaka ya 1880 kama alama ya daraja.

Vifaa vingine vya mwanzo

Siku za kwanza shule nyingi humruhusu mgeni kufanya mazoezi kwa fulana na suruali ndefu isiyo na zipu wala vifungo. Ni vema kumwuliza mwalimu kabla ya kununua chochote, kwa kuwa kila shule ina utaratibu wake. Mazoezi hufanyika miguu mitupu, ila ndara huvaliwa kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi kwenye mikeka, ili uchafu usiletwe juu yake. Pete, hereni na mikufu huvuliwa, na kucha hukatwa.

Kinga ya meno na glavu za karate huhitajika pale tu mwanafunzi anapoanza kupigana na mwenzake. Katika kendo mwanafunzi huanza na shinai, upanga wa mazoezi uliotengenezwa kwa vipande 4 vya mwanzi. Shinai ya mtu mzima haizidi sentimita 120. Deraya (bogu) hufuata baadaye, baada ya kujifunza hatua za miguu na mapigo. Shinai hukaguliwa kabla ya kila zoezi, kwani kibanzi cha mwanzi uliopasuka kinaweza kupenya kati ya vyuma vya barakoa na kuumiza jicho.

Utunzaji

Keikogi hufuliwa baada ya kila zoezi. Jasho na mgusano wa ngozi hueneza magonjwa kama choa, hasa katika judo. Nguo nyeupe hufuliwa kwa maji baridi au ya vuguvugu na kuanikwa. Ile ya nili hufuliwa peke yake, kwa kuwa huchuja rangi.

Tazama pia

* Judo
* Karate
* Aikido
* Kendo